Mama Wembe na Mwisho wa "Ngazi Tisa"

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi na moja kamili jioni, Mama Wembe atazifunika mashine zake kwa kile kitambaa cha bluu kwa mara ya mwisho. Ameitumikia studio hii miaka arobaini na mmoja, miezi miwili na siku nne. Ofisi ya Utumishi iliandika miaka arobaini na mmoja tu. Hiyo miezi na siku nimeagizwa na mwenyewe niiongeze, akanionyesha kidole na kusema, "Usinikate." Nimetii, maana mimi ni nani nimkate mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukata?

Kwa wale wapya waliozoea kumwona akiwa na miwani mbele ya kompyuta, jina hilo halikutokana na ukali, ingawa ukali anao wa kutosha. Hapo zamani wimbo uliorekodiwa ulikaa kwenye utepe wa kahawia uliozungushwa kwenye gurudumu. Ukitaka kuondoa kikohozi, unatafuta mahali kikohozi kilipo kwa kuuvuta utepe kwa mkono huku na huku, unaweka alama kwa penseli nyeupe, unakata kwa wembe, unaunganisha kwa gundi ya karatasi. Ukikosea umekosea. Hakuna kitufe cha kurudisha.

Wala hakuja kwa kazi hiyo. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na mmoja kupokea simu, kwenye meza iliyokuwa mlangoni pa jengo la zamani, juu ya zile ngazi tisa za saruji zilizoshuka hadi studio. Katika mwezi wake wa nne, mkata kanda wetu aliumwa jino, uso ukamvimba ukawa na mashavu matatu, na tangazo la sabuni lilikuwa linasubiriwa redioni kabla ya saa sita mchana. Msichana wa simu akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye kila siku hula chakula chake cha mchana nje ya kioo akitazama inavyofanyika, na anadhani anaweza. Watu wakacheka, halafu wakatazama saa, halafu wakaacha kucheka. Mwenye sabuni alipolisikia tangazo lake aliuliza yule msemaji amepona lini kikohozi. Simu ikatafutiwa mtu mwingine, na huyu akawa Wembe. "Mama" lilikuja baadaye, na watoto.

Ningependa kusimulia yote lakini mhariri wa jarida letu, atakayeichapa hotuba hii, amenipa kurasa tatu. Acha nitaje machache. Ana sikio ambalo si la kawaida. Aliwahi kusimamisha kwaya ya watu thelathini na wawili kwa sababu kuna mtu alikuwa na funguo mfukoni. Wote wakakana, wakapekuliwa kwa utani, na funguo zikapatikana kwa bosi, aliyekuja kutazama tu. Kiti cha mpiga piano kilicholia miaka sita alikinyamazisha kwa kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Friji ya ghorofa ya juu yetu aliitambua kwa sauti kabla hajawahi kuiona, akawaambia wenyewe mlango wake haufungi vizuri. Wakaenda kuangalia. Ulikuwa haufungi, kweli.

Mume wake, dereva mstaafu, humsubiri hapo nje kila jioni akiwa amezima redio ya gari. Nilimuuliza siku moja kama haipendi. Akacheka hadi akafuta machozi. "Mwanangu," akaniambia, "nikiiwasha huyu ataniambia besi imezidi, halafu atampigia simu mtangazaji."

Kompyuta zilipofika alikuwa karibu na miaka hamsini, na kuna waliodhani sasa basi, wembe umekutana na mwamba. Alijifunza ndani ya miezi mitatu, akawa anatufundisha sisi. Kitu kimoja tu hakukiacha: kabla ya kubonyeza kitufe cha kukata, vidole vyake viwili hupita hewani, kana kwamba kuna utepe pale. Tulikuwa tunamwiga tukiwa kwenye chai. Leo nakiri hadharani kwamba na mimi nafanya hivyo, hata nikiwa peke yangu.

Lakini aliyekuja kwenye sherehe hii ya kumuaga amekuja kwa sababu ya santuri, ile albamu iliyoko kwenye kila dirisha la duka la muziki tangu mwezi wa tatu. Basi tuseme habari ya "Ngazi Tisa", tuiseme yote, pamoja na sehemu yangu mimi ambayo ningefurahi kama ingesahaulika.

Miaka thelathini na minane iliyopita, mpiga tarumbeta tunayemwita Kaka Pumzi alishuka zile ngazi na wenzake wanne: piano, besi, ngoma na saksafoni. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, anapiga jazi kwenye kumbi kila mwisho wa juma, na hakuwa na hata santuri moja yenye jina lake. Walikaa siku tatu. Bendi nzima ilipenda kutaniana kuhusu zile ngazi, maana mwenye besi aliapa kila alipozipanda na mzigo wake kwamba zimeongezeka. Kaka Pumzi akatunga kibao cha mwisho kutokana na hilo. Kilidumu dakika tisa. Katika dakika mbili na sekunde arobaini za mwisho wenzake wote walinyamaza mmoja mmoja, akabaki yeye na tarumbeta, akipanda noti tisa, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetoka chini ya ardhi kwenda kwenye mwanga. Kila noti ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia. Mwishoni mpiga ngoma aligusa mara moja tasa la shaba, ile sahani iliyosimama kando ya ngoma zake, likalia hadi likafa lenyewe.

Noti ya tisa ilimsumbua. Mara ya kwanza iliteleza. Mara ya pili ikapasuka. Hadi ya sita alikuwa anafika ya nane kama mfalme, ya tisa anaanguka nayo. Midomo ya mpiga tarumbeta si bomba la maji, ikichoka imechoka, na kila mtu chumbani alijua kwamba ya saba ndiyo ya mwisho. Nyuma ya kioo, kwenye mashine ya kanda, alikaa Mama Wembe, miaka ishirini na minne, mwaka wake wa tatu kazini.

Ya saba akaipata. Wanaosema jazi haina machozi hawajaisikia noti hiyo. Akaishika, akaishika, hadi mpiga ngoma akasahau kugusa tasa, akakumbuka, akaligusa.

Hapo ndipo Mama Wembe alipofanya kosa ambalo katika miaka arobaini na mmoja hakulirudia. Sheria ya kwanza ya studio ni kwamba muziki ukiisha hapumui mtu mpaka mashine izimwe, kwa sababu sauti inayokufa nayo ni muziki. Na juu ya meza yake kulikuwa na kitufe chekundu cha kuongea na wanamuziki walioko ndani. Tasa likiwa bado linalia, mkono wake ukakibonyeza wenyewe, na mdomo wake ukasema, "Umefika, kaka." Sauti ikatoka kwenye spika ya ndani, maikrofoni zikaidaka, ikaingia kwenye utepe pamoja na tarumbeta.

Bosi wa wakati huo, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa vipimo. Upande mmoja wa santuri haubebi zaidi ya dakika ishirini na mbili hivi bila sauti kukonda, na upande wa pili ulikuwa umefika ishirini na nne na nusu. Akasikiliza, akafika mwisho, akasikia ile sauti. "Msichana wa simu kwenye jazi!" akasema. Akaamuru dakika mbili na sekunde arobaini za mwisho ziondolewe zote, kibao kififie pale wenzake wanapoanza kunyamaza. Muda wa kurudia haukuwepo. Bendi ilikuwa imeshatawanyika, na asubuhi ile chumba kilikuwa na watu wa matangazo.

Aliyekata ni Mama Wembe, kwa mkono wake, Alhamisi asubuhi. Kaka Pumzi alikuwa amesimama nyuma yake. Alipoona kipande kimeanguka mezani akasema, "Basi kitupe." Yeye akamjibu bila kugeuka, maana alikuwa analia, "Sitakitupa." Kaka Pumzi akachukua sanduku lake la tarumbeta akapanda ngazi. Santuri ilitoka, ikapendwa na wachache, ikasahauliwa na wengi. Yeye hakuingia tena kwenye studio yoyote. Alipiga kwenye harusi na kumbi, akafundisha watoto wa shule, na nyumbani kwake, anasema binti yake, santuri ile haikuwahi kuwekwa hata rafuni.

Kwa kawaida vipande tulivyokata vilibandikwa ukutani na kikaratasi cha namba, santuri ikishatoka vikaenda kwenye pipa la taka. Mama Wembe alikitoa chake ukutani kabla pipa halijafika. Mita sitini na moja za utepe, zikizungushwa vizuri, hazizidi ukubwa wa kiganja. Akakitia kwenye bahasha, bahasha akaitia kwenye kopo la biskuti, na ili wafagizi na mabosi wasilishughulikie, akaandika juu ya kifuniko kwa herufi kubwa: VIFUNGO. Akaliweka kwenye rafu nyuma ya mlango.

Sasa jamani, ukiandika "vifungo" kwenye kopo mahali wanapofanya kazi watu arobaini, unategemea nini? Kila aliyeokota kifungo sakafuni alikitia humo. Mwimbaji akivuta pumzi shati likaachia, kifungo kikaenda kwenye kopo. Mimi mwenyewe nimetia vitatu. Ndani ya miaka ishirini na tisa kopo likajaa hadi kifuniko kikawa hakikazi. Mama Wembe aliona, akaviacha. Alifurahi, kumbe, kwamba vifungo vinailinda bahasha.

Hapo naingia mimi. Miaka tisa iliyopita tulihamia jengo hili. Nilikuwa na mwaka wangu wa pili kazini, nimepewa ubao wenye karatasi na kalamu ya wino, na hakuna mtu hatari duniani kama mgeni wa kazi aliyepewa orodha. Mama Wembe alikuwa likizo, binti yake amejifungua. Nikafika kwenye rafu ya nyuma ya mlango, nikaandika, na karatasi hiyo bado ipo: "Kopo la vifungo, moja. Si kifaa cha studio." Nikamgawia fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akitushonea mapazia mazito ya kuzuia kelele. Akanishukuru sana. Nikajiona mtu wa maana.

Mama Wembe aliporudi alikuta maboksi mia mbili hayajafunguliwa, na akaamini kopo lipo katika mojawapo. Alikuwa anayafungua kidogo kidogo, kila alipopata nafasi, miaka yote hiyo. Alipofika sitini akaomba aongezewe mwaka mmoja, kisha akaomba mwingine. Tulidhani anaogopa kukaa nyumbani na mume. Tukamtania. Akarudi kwenye maboksi yake.

Mwaka jana, barua za kuomba "Ngazi Tisa" zilipozidi, Mkurugenzi wetu akaamua itolewe upya. Akampigia simu Kaka Pumzi kuomba ridhaa. Sasa ni mzee wa miaka sabini na tisa. Daktari alimkataza tarumbeta miaka sita iliyopita kwa sababu ya mapafu. Simu ilipokelewa na binti yake, mwalimu, akaenda kuuliza, akarudi na jibu, nalo lilisomwa kwenye kikao kama lilivyo: "Baba anasema mkiwa na mwisho wake njooni. Kama hamna, msimsumbue, yeye pumzi zake zimebaki chache."

Kila mtu alijua kwamba vipande vya miaka ile vilitupwa. Mkurugenzi alikuwa ameshaanza kufunga jalada Mama Wembe aliponyoosha mkono na kusema, taratibu kabisa, "Upo. Uko kwenye kopo la vifungo." Kisha akatueleza habari yote niliyoieleza hapo juu, pamoja na kile kitufe chekundu, na akamalizia hivi: "Ulimi wangu ndio uliomkata yule kaka. Nataka nimrudishie chake kabla sijaondoka hapa, na muda wangu mwakani ndio basi."

Jasho lililonitoka siku ile lingetosha kufulia mapazia. Nilifikiria kunyamaza, nakiri. Nilifikiria kuugua. Halafu nikamwangalia mwanamke aliyenifundisha kila ninachokijua, miaka minane anafungua maboksi kutafuta kitu nilichokigawa mimi, nikasimama nikasema. Lo! Kimya kilichofuata hata yeye angeshindwa kukikata. Akavaa koti, akaniambia, "Twende basi, unangoja nini?"

Fundi cherehani hakuwa tena ng'ambo ya barabara ya zamani. Duka lilikuwa sasa la simu. Muuza simu alitupeleka kwa muuza vitambaa, muuza vitambaa akatuelekeza nyuma ya kiwanda cha matofali, tukamkuta mama wa watu kwenye chumba chenye mashine mbili, amevaa futi ya kupimia shingoni, amezeeka kidogo na haraka hana. Kopo likawa mezani kwake! Jina lile lile, herufi zile zile. Mama Wembe akalishika kwa mikono miwili. Lilikuwa jepesi. Akalifungua, vifungo vilikuwa vimebaki kama ishirini hivi, na chini yake bati tupu.

Sijawahi kumwona akikaa chini bila kuangalia kiti. Siku ile alikaa, na bahati njema palikuwa na furushi la nguo. Fundi akauliza kwani mnatafuta kifungo gani. Nikamwambia bahasha. Akatucheka! "Ile ya pumzi?" akasema. "Mbona hamkusema mapema?" Akavuta mtoto wa meza, akainua daftari la vipimo vya wateja, na chini ya daftari ilikuwa bahasha, imefungwa kwa uzi mweupe. Juu yake yalikuwa maandishi ya Mama Wembe ya ujanani: "Usitupe. Ni pumzi ya mtu." Fundi alituambia hakuelewa ule utepe ni wa nini, mwanzoni alidhani ni wa kufungia zawadi, lakini alijua kusoma, na mtu akikuandikia kwamba hii ni pumzi ya mtu, wewe unaitupaje? Aliiweka miaka saba, tangu alipofika chini ya vifungo. Mama Wembe alimkumbatia na futi yake na pini zake. Nami niliomba msamaha barabarani tukirudi, nikaendelea kuomba hadi akaniambia ninyamaze kwa sababu namharibia furaha.

Kazi iliyofuata tuliifanya wote, lakini kwa mkono wake. Utepe wa zamani hunata. Ukiucheza hivyo hivyo unabanduka rangi na muziki unabaki kwenye mashine kama vumbi. Hutiwa kwenye sanduku la joto dogo, kwa muda wa saa nane, nyuzi hamsini hivi. Alikaa mbele ya sanduku hilo kutwa nzima kama anayeoka keki ya harusi, akatukataza hata kufungua mlango kwa nguvu. Kesho yake akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake, akalaza kanda mama, ile ya asili iliyokatwa, upande mmoja na kipande upande wa pili, akavisogeza. Siku ile ya Alhamisi alikuwa amechora mstari mweupe wa penseli na kukata katikati yake, nusu ikabaki huku, nusu ikaenda na kipande. Baada ya miaka thelathini na minane, nusu mbili zile zilikutana sawasawa. Akatuita tuje tuone. Tulipanga mstari, mmoja mmoja, hadi mlinzi wa getini.

Kisha akafanya jambo ambalo hakutuambia. Alipohamisha muziki kwenye kompyuta, akaiondoa ile sauti yake. Siku hizi ni kazi ya dakika chache, tasa la shaba likabaki linalia peke yake hadi kimya, safi kabisa. Aliona kwamba sasa kosa limefutika.

Kaka Pumzi alikuja Jumanne, amevaa suti ya kijivu, binti yake amemshika mkono. Alikaa kiti cha katikati. Hakumsalimia Mama Wembe zaidi ya "Hujambo, dada", naye akajibu "Sijambo, kaka", wakawa kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Muziki ukaanza. Alisikiliza dakika sita na zaidi bila kusogea. Tulipofika pale santuri ya zamani ilipofifia, akafumba macho, na muziki haukufifia. Tarumbeta ikabaki. Noti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinabonyeza goti. Kwenye ya nane binti yake alikuwa ameshaanza kulia. Ya tisa ikaja, ikakaa, ikakaa, tasa likaguswa, likalia, likafa.

Hakuna aliyepumua. Mzee akafumbua macho, akageuka huku na huku kama aliyepotelewa na kitu, akauliza, "Na yule msichana yuko wapi?"

Mama Wembe akasema kwa unyenyekevu kwamba amemwondoa, kwamba alikuwa kosa, kwamba ndiye aliyeharibu. Mzee akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema maneno ambayo Mkurugenzi ameyatundika kwenye fremu pale mapokezi: "Dada, mimi sikununa kwa ajili ya dakika mbili na nusu. Nimepiga tarumbeta miaka hamsini. Watu wamenipigia makofi, wamenilipa, wamenisifu. Aliyeniambia nimefika ni mtu mmoja tu, nao wakamkata. Mrudishe, au santuri isitoke."

Alirudishwa siku hiyo hiyo. Mama Wembe alishindwa kubonyeza, macho yalikuwa yamejaa, ikabidi nimbonyezee mimi, mgawa makopo. Vidole vyangu viwili vikapita hewani kwanza.

Mengine mnayajua. Toleo la kwanza liliisha madukani kwa siku tisa, na mwenye besi, ambaye bado yu hai na bado analalamika, anasema zilikuwa kumi. Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa hadi watu wakasikilizia uwanjani. Redio hukipiga kibao kizima, dakika tisa bila kukikata, jambo ambalo sisi wa kazi hii tunajua ni gumu kuliko kupata ridhaa ya mkwe. Nyuma ya jalada, chini ya piano, besi, ngoma, saksafoni na tarumbeta, kuna mstari mmoja ambao mzee aliuamuru mwenyewe: "Sauti: Mama Wembe." Miaka arobaini na mmoja amesafisha sauti za watu wengine, na hatimaye ya kwake imewekwa, maneno mawili, mahali panapostahili, mwisho kabisa. Na mume wake siku hizi huwasha redio ya gari. Anasema mkewe hajapata kulalamika kuhusu besi ya kibao hicho.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, mama, tunakushukuru kwa masikio yako, kwa ukali wako uliotunyoosha, kwa uvumilivu wako kwa wapumbavu wenye orodha, na kwa kutufundisha kwamba si kila kinachoanguka mezani ni taka. Kopo alilolirudisha fundi tumelitengenezea kifuniko kipya, na maandishi ya zamani tumeyanakili juu yake. Ndani yake kila mmoja wetu ametia kifungo kimoja kutoka kwenye nguo aliyovaa leo, ndiyo maana mtaona Mkurugenzi ameshika koti lake kwa mkono. Nenda nalo nyumbani. Maisha mema yakungoje huko, wewe na baba, wajukuu wakuchoshe kwa raha, friji yenu isilie.

Na sheria ya kwanza ya studio uliyotufundisha tutaivunja kwa makusudi. Ijumaa, saa kumi na moja, utakapokuwa unatandaza kile kitambaa cha bluu na mashine zikiwa hazijapoa, usishangae spika zote za jengo zikiongea kwa pamoja. Tumepanga tuseme maneno mawili, sote arobaini, na kitufe chekundu nimepewa mimi nikibonyeze: Umefika, dada.